Waliohama Bao

Neno bao siku hizi lina watu wengi kuliko mchezo wenyewe. Litaje mbele ya kijana wa Chumbageni au Makorora, naye atakuuliza limefungwa na nani na katika dakika ya ngapi. Mwaka 1988, Coastal Union ya hapa kwetu Tanga ilipotwaa ubingwa wa Tanzania Bara, mji mzima ulikuwa ukihesabu mabao, na sidhani kama mtu mmoja katika mia alikumbuka kwamba neno hilo lilikaa barazani, penye kete na mashimo, kabla ya kuingia uwanjani. Mtaji nao, ambao kwa mcheza bao ni mwendo wa kula, kwa watu wengine wote ni fedha ya kuanzia biashara.

Nataka kueleza habari ya watu walioliacha bao wakaenda kwenye michezo mingine, kwa sababu habari hiyo husimuliwa vibaya. Husimuliwa kama tanzia: hapo kale palikuwa na wazee, baraza na busara, kisha wakaja vijana, uvivu na televisheni. Mimi nimeshika chaki miaka mingi, kwanza shuleni na baadaye katika chuo cha ualimu, na kazi hiyo imenifunza kuishuku kila habari ambayo mkosaji wake pekee ni kijana.

Kwanza nilieleze bao, maana wengi wa watakaosoma ukurasa huu wameliona limetundikwa ukutani hotelini na hawajaliona likichezwa. Ubao una safu 4, na kila safu ina mashimo 8. Mchezaji mmoja ana safu mbili zake na mwenziwe mbili zake. Kete ni 64. Kete za asili ni komwe, zile mbegu ngumu za kijivu za mkomwe unaoota kwenye vichaka vya pwani. Sasa, bao la Kiswahili halianzi kete zote zikiwa ubaoni. Kila mmoja huweka 10 tu: 6 katika shimo liitwalo nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani yake. Zile 22 zilizobaki huzishika mkononi na kuziingiza moja moja, kila zamu kete moja. Hiyo ndiyo namua. Mkono ukishakuwa mtupu ndipo unapoanza mtaji, nao una kanuni zake nyingine. Nyumba ina haki ambazo mashimo mengine hayana; kuna kichwa na kimbi, kuna kutakata na kutakasia, kuna nyumba kwenda safari. Mwendo mmoja waweza kuuzunguka ubao mara kadhaa, ukila na kusambaza, kabla haujalala katika shimo tupu. Na fundi anatakiwa aujue mwisho wa mwendo huo kabla hajagusa kete ya kwanza.

Liko jambo moja katika bao ambalo nimelipenda tangu utoto. Kete iliyoliwa haiendi popote. Anayekula huihamishia upande wake na kuisambaza, nayo huendelea na kazi, na baada ya zamu mbili yaweza kurudi ilikotoka. Mchezo ukianza na kete 64, utakwisha na kete 64. Anayeshindwa hushindwa kwa kuwa safu yake ya mbele imekuwa tupu, au kwa kuwa hana tena njia ya kwenda. Si kwa kuwa askari wake wamekufa.

Michezo ya jamii hii, ya kusambaza mbegu katika mashimo, imeenea Afrika nzima. Wasukuma wana isolo, Waganda wana omweso, Wamalawi wana bawo iliyo ndugu wa karibu kabisa wa bao letu. Ng'ambo, huko Omani, wanacheza hawalis ya safu nne, na yeyote aliyecheza huku akikaa mbele ya ubao wa kule hatajiona mgeni. Hapa pwani penyewe lipo bao jingine, jepesi, ambalo watoto huanzia: kila shimo hutiwa kete mbili, 64 zote zimo tangu mwanzo, hapana namua wala nyumba. Wengine huliita bao la kujifunza. Nikiutazama mpangilio huo naona, na haya ni maoni yangu, kwamba bao la Kiswahili lenyewe ni kazi ya watu waliohama. Siku moja, karne nyingi nyuma, mtu mmoja au kijiji kimoja kilichoshwa na mchezo ambao kila kitu kimo ubaoni kwa macho ya wote, wakatafuta namna ya kuuongezea mchezo mashaka. Naamini wazee wao walinung'unika.

Wala haikuwa kwamba bao lilikaa peke yake barazani likingojea kuvamiwa. Chukua karata. Majina ya karata zetu yanasema yametoka wapi: shupaza, kopa, uru, pau. Hayo ni maneno ya Kireno yaliyopigwa pasi na ulimi wa Kiswahili, pamoja na turufu. Vasco da Gama alifika pwani hii mwaka 1498. Ngome ya Mombasa ikaanza kujengwa mwaka 1593. Mwaka 1698 ngome ikaangukia mikononi mwa Waomani. Wareno wakaondoka na mizinga yao, karata zikabaki. Na bado, zaidi ya karne moja baada ya hapo, Muyaka bin Haji wa Mombasa, mshairi aliyeishi hadi karibu na mwaka 1840, alipotunga juu ya mchezo, alitunga juu ya bao, akitegemea kwamba wasikilizaji wake wanaujua ubao kama wanavyoujua mlango wa nyumba. Karata zilikuwapo, dama ilikuwapo, sataranji ilikuwapo kwa waliosafiri. Watu walitoka huku wakaenda kule, wakarudi jioni.

Heshima hiyo ilifika mpaka zama zetu. Mwalimu Nyerere alijulikana kwa kulipenda bao. Sheikh Abeid Amani Karume, alipouawa tarehe 7 Aprili 1972 katika makao makuu ya Afro-Shirazi pale Kisiwandui, alikuwa kwenye mapumziko yake ya jioni, na habari iliyoenea ni kwamba alikuwa akicheza bao. Nchi mbili zilizoungana, viongozi wawili, mchezo mmoja. Kwa hiyo haiwezekani kusema kwamba bao lilidharauliwa na wakubwa. Lilikuwa juu kabisa, nalo likaanza kuhamwa likiwa juu huko huko.

Sababu ya kwanza naiona katika mkonge. Mmea huo uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 na kupandwa Kikogwe, upande wa Pangani, na kufikia katikati ya miaka ya 1960 Tanganyika, ambayo sasa ilikuwa Tanzania, ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, sehemu kubwa ikitoka mkoa wetu. Mkonge haukukatwa na watu wa pwani. Ulikatwa na manamba: Waha wa Kigoma, Wangoni wa Songea, Wabena, Wamakonde waliovuka Ruvuma, watu wa Rwanda na Burundi. Kila kundi lilikuja na mchezo wake wa mashimo, au halikuja nao kabisa. Jioni kambini, Mha na Mmakonde wakikaa kucheza, wacheze nini? Wakianza na mashimo watabishana mpaka usiku wa manane juu ya kanuni, kwa maana hata sisi watu wa pwani kwa pwani hatukubaliani. Lakini karata ni 52 kila mahali, na drafti ni ile ile Kigoma na Lindi. Kumbe walichokuwa wakikitafuta ni mchezo ambao mgeni hahitaji kuombwa radhi ili aucheze.

Kilichofanyika kambini mwa mkonge kikafanyika tena, kwa upana zaidi, katika Jeshi la Kujenga Taifa. Kuanzia mwaka 1966 hadi 1994 vijana waliomaliza masomo walikwenda jeshini kwa mujibu wa sheria. Hapa mkoani kwetu ipo kambi ya Maramba. Nenda kambi yoyote ya miaka ile: kijana wa Bukoba analala kitanda cha jirani na kijana wa Mikindani. Walirudi makwao wakijua nyimbo za mchakamchaka, kulima kwa jembe la mkono, na drafti. Sijapata kumwona aliyerudi amejifunza bao.

Na drafti haina gharama. Ubao wa bao ni kazi ya fundi seremala. Mti mgumu, mashimo 32 yaliyochongwa sawasawa na kulainishwa kwa mikono ya miaka mingi. Ubao wa drafti ni kipande cha boksi, au plaiwudi, au sakafu yenyewe, na mkaa wa kuchorea. Kete ni vifuniko vya soda, 12 kwa 12. Ikiwa vifuniko vyote ni vya soda moja, basi mmoja huweka vyake chali na mwenziwe huweka vyake kifudifudi. Kifuniko kikifika ng'ambo hupandishwa kingine juu yake, kikawa kingi, na kingi huruka uwanja mzima. Kanuni hizo zimekwisha. Nimezieleza kwa sentensi tatu. Za bao nimezigusa tu hapo juu, na msomaji asiyezijua bado hajui kucheza.

Lakini asidanganyike mtu kwamba drafti ni ya wavivu. Mlango wake ni mpana, na ndani mna vyumba vingi. Wapo mafundi wa drafti pale Ngamiani ambao ukikaa nao watakula vifuniko vyako vitatu kwa kukupa kimoja, tena wakiwa wanazungumza habari za bei ya samaki. Niliwahi kumsikia mzee mmoja wa bao akisema kwamba drafti ni mchezo wa watoto. Alishindwa mara nne mfululizo na muuza kahawa.

Ratiba ya siku nayo ilibadilika. Bao la Kiswahili likichezwa na mafundi halina haraka. Mwaka 1983 ilipotungwa Sheria ya Nguvu Kazi, na mijini wakaanza kusakwa wasio na kazi maalumu, baraza lenye watu wanane wamezunguka ubao saa nne asubuhi lilianza kutazamwa kwa jicho jingine. Mvuvi aliyelala bahari usiku kucha alilazimika kueleza kwa nini amekaa mchana. Drafti unaweza kuimaliza kati ya abiria mmoja na mwingine, bao haliwezi. Na bei ya mkonge ilipoporomoka na uzalishaji kushuka, hata usifike tani 40,000 katika miaka ya 1990, watu walipata muda mwingi wa kukaa, ila haukuwa muda wa utulivu. Ulikuwa muda wa kusubiri kuitwa kibarua.

Hizo ni sababu za nje. Sababu ya ndani ndiyo inayonigusa zaidi, kwa kuwa ni habari ya ufundishaji.

Nilipokuwa mtoto Pangani, mjomba wangu alikuwa mchezaji anayeheshimika barazani pake. Nilimtumikia: nilileta maji, nilifuata kahawa, niliokota komwe iliyodondoka. Siku moja nikamwuliza, "Mjomba, mbona umeiacha nyumba yako pale? Si ingeliwa?" Hakunitazama. Alisema, "Tazama." Wenzake wakacheka, na mmoja akaongeza neno ambalo sitaliandika. Nikatazama mwaka mzima. Mwaka wa pili niliruhusiwa kucheza na mzee aliyekuwa haoni vizuri, na kila nilipokosea, baraza zima lilinitangazia kosa langu kwa mafumbo. Ndivyo alivyofundishwa kila mmoja wao. Hapana aliyenieleza kanuni ya kutakasia. Niliipata kwa kuona watu wakigombana juu yake.

Njia hiyo ya kujifunza ina uzuri wake. Kijana hukaa chini ya watu wazima, huzoea kunyamaza, hujua nani husema lini. Wako wataalamu wa nje walioliandika bao kama shule ya tabia za Waswahili. Sibishi. Lakini shule hiyo hutegemea jambo moja, kwamba kijana hana pengine pa kwenda. Baba wa mjomba wangu hakuwa na pengine. Mjomba wangu hakuwa na pengine. Mimi nilikuwa na shule, na shuleni chini ya mwembe palikuwa na drafti, na mwenzangu wa darasa la tano alinifundisha kwa nusu saa, akanishinda, akanieleza kwa nini nimeshindwa. Hilo la kuelezwa ndilo lililonivuta.

Miaka mingi baadaye, chuoni, nilikuwa nikiwafundisha walimu watarajiwa kutengeneza zana za hesabu kwa vitu vya mahali: vijiti, mbegu, vifuniko. Nikawaletea ubao wa bao, nikawaambia hapa pana kuhesabu, kujumlisha, kukadiria na kutazama mbele. Walipendezwa. Mwanachuo mmoja, binti wa Lushoto, akanyosha mkono. "Mwalimu," akasema, "nani atatufundisha? Babu zetu hawaruhusu tukae pale." Alisema kweli kwa maana mbili, kwa kuwa baraza la bao halikuwa mahali pa mwanamke, na sijui drafti ya vijiweni imefanya bora zaidi. Karata na ludo zilichezwa uani, ndani ya nyumba, mama na watoto pamoja. Labda ndiyo maana hazikuhitaji mtu wa kuzililia.

Nikatafuta kitu cha kuwasomesha. Alex de Voogt, Mholanzi aliyekaa na mafundi wa Zanzibar na kuandika tasnifu juu ya ufundi wao huko Leiden mwaka 1995, alionyesha ni mahesabu ya namna gani yanayopita katika kichwa cha fundi. Ni jambo la kutufurahisha, na la kutuaibisha kidogo, kwamba kanuni nyingi za bao leo mtu hujifunza kwa urahisi zaidi katika lugha ya Kiingereza kuliko katika baraza la mtaa wake. Mwaka 2020, Kazakhstan, Kyrgyzstan na Uturuki waliipeleka michezo yao ya jamii hii UNESCO kwa pamoja, ikaandikwa katika orodha ya urithi. Hao wana mashirikisho, wana mashindano ya shule, wana kanuni zilizochapwa. Sisi tuna Lamu, ambako bao huwekwa katika tamasha la utamaduni pamoja na mbio za punda na jahazi, na tuna Unguja, ambako ufundi haujakatika. Hapa Tanga tuna wachezaji, wachache, na kila mmoja anasema kanuni za mwenziwe ni za mashamba.

Waliohama, basi, walihama wakiwa na akili zao timamu. Walikwenda palipokuwa na mtu wa kuwaeleza. Walichokiacha ni kizito zaidi ya walichokipata, nalisema hilo bila kuwalaumu: hakuna katika drafti kitu kama ile kete isiyokufa, wala kitu kama kuijua safari ya kete thelathini kwa macho tu. Kifuniko kilicholiwa kinatupwa pembeni mavumbini mpaka mchezo uishe.

Vijiweni leo, madereva wa bodaboda hucheza drafti wakisubiri abiria, na wengine huicheza ndani ya simu dhidi ya mtu wasiyemwona, huku simu hiyo hiyo ikiwaambia mkeka wa kubashiri mpira umechanika. Hiyo nayo ni hama nyingine, na wanaodai kwamba drafti inakufa wameshaanza kusikika. Miongoni mwao wamo waliowahi kuambiwa na wazee wa bao kwamba wanaua mchezo.

Jirani yangu mmoja, mzee kuliko mimi, ana ubao wa mvule ulioachwa na baba yake. Alikuwa mkali sana wa kanuni. Tangu mwaka jana anacheza na wajukuu zake wawili, mmoja wao msichana, kwenye kibaraza cha mbele, mchana, mlango wazi. Hachezi nao bao la Kiswahili. Anatia kete mbili mbili katika kila shimo, zote 64, kama walivyoanza watoto wote, na wakikosea anasimamisha mchezo, anarudisha kete nyuma na kuwaonyesha. Nilimwuliza namua atawafundisha lini. Akasema msichana ameshaanza kuulizia kwa nini kuna shimo moja la mraba, lakini bado hajamjibu. Anamngoja aulize mara ya pili.